Wagonjwa Wasiopelekwa kwa Fundi Kifuniko

Jina alilopewa na watu ni Bi Sikio binti Mfua Bati, mjukuu wa Bibi Mitungi, na asiyeujua ukoo huo akae chini ajifunze. Bibi Mitungi alikuwa akiingia sokoni, anapita mbele ya mitungi iliyopangwa, anagonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, na mtungi wenye ufa unajiumbua wenyewe, hata kama muuzaji ameupaka udongo ukang'aa kama shavu la bibi harusi. Wauzaji wengine wakimwona kwa mbali walianza kufunika biashara zao. Mfua Bati, mwanawe, aliziba ndoo za mji mzima kwa miaka thelathini, na haikurudi kwake ndoo hata moja kwa kosa lake. Iliyorudi ilirudi kwa kosa la mwenye ndoo. Huyo ndiye aliyemzaa Bi Sikio. Naye Bi Sikio akasoma mpaka darasa la saba, akajua kuandika barua ikaeleweka na kugawanya hesabu mpaka nukta, kisha akaenda kugonga makopo.

Watu wa siku hizi wakisikia kugonga makopo hucheka. Na wacheke. Kicheko hakimpunguzii mtu cheo.

Kiwanda kilikuwa cha mananasi. Kilijengwa wakati ambapo nchi ilikuwa imechoka kuuza matunda mabichi na kuyanunua tena yakiwa yamevaa bati. Mananasi yalimenywa, yakakatwa duara, yakatiwa ndani ya kopo na maji ya sukari yaliyochemka, mtambo ukabana kifuniko, kopo likapikwa, likapozwa. Likishapoa, hewa ya ndani husinyaa na kukivuta kifuniko kidogo. Hapo ndipo kazi ya Bi Sikio ilipoanzia. Alikuwa na kijiti cha chuma chenye kichwa cha mviringo kisichozidi njugu. Akigonga kifuniko cha kopo zima, linasema ti, sauti kavu, ya juu, kama mtu aliyeitwa akaitika mara moja. Kopo ambalo ukingo wake umeacha kijitundu, hata kisichoonekana kwa jicho, linasema po. Wenyewe walisema kopo hili limeitika, kopo lile limenuna. Na kopo lililonuna, ukiliacha, baada ya wiki linavimba, na ndani yake hakuna chakula tena, kuna maradhi.

Siku aliyokuja kuomba kazi, msimamizi alimwekea makopo ishirini mezani. Akayagonga mara moja tu, akatenga matatu. Msimamizi akayapasua mawili, akakuta kweli ni mabovu. La tatu akaligeuza, akaligonga mwenyewe, akacheka.

"Hili zima, dada. Hapa umebahatisha."

"Liache mpaka Jumatatu," akasema Bi Sikio, akakaa zake kwenye benchi la nje kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Jumatatu kopo lilikuwa limevimba kama shavu lenye jino bovu. Tangu hapo akawa Sikio, na baada ya miaka miwili akawa kiongozi wa chumba.

Chumba kile kilikuwa na wanawake kumi na wawili na meza ndefu moja. Madirisha yalikuwa juu, ili mtu apate mwanga asipate la kutazama. Mlango ulipigiliwa blanketi zito kuzuia kelele za mitambo. Viatu vilivuliwa nje. Hereni na bangili zilitundikwa kwenye misumari, kila mtu na msumari wake. Aliyekuwa na kikohozi alipelekwa kubandika karatasi kwenye makopo mpaka apone. Hakuna aliyezungumza. Ukiingia mle kutoka kwenye makelele ya nje, ulidhani umeziba masikio, mpaka uzisikie zile ti, ti, ti, kila mwanamke na mwendo wake, kama kuku wanaodonoa.

Na ukimya ule ndio uliokuwa ushindi wa kiwanda. Soko la nje halina shangazi. Hakuna wa kukuonea huruma kwa kuwa umetoka mbali. Kulikuwa na nchi nyingine zenye mananasi mengi zaidi, mitambo mipya zaidi na bandari za karibu zaidi. Wao walishindwa kwa jambo moja: mnunuzi akifungua makopo elfu moja ya kiwanda hiki, mabovu hayafiki mawili. Kwa hao wengine yalifika kumi. Basi. Hakukuwa na siri nyingine.

Mtambo wa kubana vifuniko ulikuwa na fundi wake, mtu mrefu mwembamba, wote walimwita Fundi Kifuniko. Alikuwa rafiki wa mumewe Bi Sikio tangu utotoni, kwa hiyo wao wawili wakaitana shemeji, na utani wa shemeji anaujua aliyenao. Kila siku saa tatu asubuhi alivua viatu, akainua blanketi la mlango.

"Hodi wodini. Nipeni wagonjwa wangu."

"Kumi na wanne leo," Bi Sikio alimjibu kwa kunong'ona, akimsogezea sinia la makopo yaliyonuna. "Mtambo wako unakohoa, shemeji."

"Unakohoa kwa sababu umesikia jina lako."

Alikwenda na wagonjwa wake, akayapasua kingo kwa msumeno mdogo, akapima, akaona pale ambapo bati halikukunjika sawasawa. Kisha akarudi kwenye mtambo akakaza mahali hapo hapo. Alikuwa akisema mtambo ni kama mtoto mchanga: hauwezi kukwambia unaumwa wapi, unalia tu, na kilio chake ni kopo bovu. "Msiponiletea wagonjwa, mimi ni mganga wa kutibu ukuta." Jumapili familia mbili zilikula pamoja, na binti mdogo wa fundi alilala usingizi wa mchana mapajani mwa Bi Sikio, akimwita mama mkubwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka tisa.

Wimbo ulianza msimu wa mvua, saa nane mchana, saa ile mbaya ambayo wali uko tumboni na kope zinashuka. Mwanamke mmoja, Mama Pacha, mcheshi asiyekosekana mahali popote, alianza kuguna wimbo ili asisinzie. Jirani yake akaitikia. Vijiti vikaanza kufuatana, viwili, vitano, kisha vya wenzake wote kumi na mmoja vikashuka pamoja. Bi Sikio alikuwa kiongozi. Ingetosha ainue kidole. Badala yake akaingiza kijiti chake katikati ya vyao, akagonga kwa kupishana, na chumba kizima kikawa ngoma.

Meneja mkuu alikuwa akipita. Akainua blanketi, akasimama mdomo wazi.

Wiki iliyofuata alileta wageni. Wageni wakaleta wageni. Blanketi likaondolewa ili watu waone. Wanawake wakapewa vitambaa vyeupe vya kichwa na wakaruhusiwa kuvaa hereni. Mpiga picha akaja, na picha yenyewe ikawekwa kwenye kalenda ya kiwanda: Bi Sikio mbele, kijiti juu, meno yote nje. Mtu wa darasa la saba, uso wake ukaning'inia katika ofisi za wenye digrii. Asiyewahi kupata fahari asimcheke aliyeipata.

Na tazama ajabu ya mambo: makopo yaliyonuna yakaanza kupungua. Kumi na manne yakawa tisa. Yakawa manne. Likawa moja. Meneja alichora mstari kwenye ukuta wa ofisi, ukishuka kama mteremko wa mto, akawaambia wageni kwamba furaha ya mfanyakazi huzaa ubora. Bi Sikio aliamini. Aliona kwa macho yake mstari ukishuka.

Fundi Kifuniko ndiye aliyekuwa hana raha. Siku moja aliinua mikono mitupu mlangoni.

"Shemeji, wagonjwa wangu wako wapi?"

"Wamepona."

"Wagonjwa hawaponi wote kwa mpigo. Wodi ikiwa tupu ghafla, ama kuna muujiza ama daktari ni kiziwi. Mkiimba, nani anasikiliza?"

Walikuwapo wageni nyuma yake, na walisikia. Bi Sikio akageuka, mkono kiunoni.

"Ndugu wageni, mnamwona huyu? Mtambo wake umeacha kukosea, sasa anaona ataachishwa kazi. Shemeji, nenda kapasue hata sufuria za mkeo, usikae bure."

Wakacheka wote. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye alitabasamu, kama mtu aliyekanyagwa na mgeni naye hataki kumwaibisha, akavaa viatu vyake.

Ndipo ikaja shehena kubwa. Mnunuzi mpya wa nje, mkubwa kuliko wote, alitaka kujaribu. Akiridhika, angechukua kwa miaka mitano mfululizo. Kiwanda kingeongeza mtambo wa pili na zamu ya usiku, na watoto wa mji wangepata kazi bila kuvuka mpaka. Wiki nzima iligongwa shehena hiyo, na wiki nzima wageni walikuwa mlangoni.

Siku ya tatu, katikati ya wimbo, Bi Sikio alisikia po.

Hili ndilo jambo lenyewe. Si kwamba hakusikia. Alisikia. Lilikuwa kopo la safu ya nne, la pili kutoka ukingoni, na mpaka leo ukimwamsha usingizini atakwambia hivyo hivyo. Kijiti chake kilikuwa kimekwisha kupita. Mgeni mmoja mnene alikuwa akipiga makofi kufuata mwendo. Kusimama yeye ni kuwasimamisha kumi na mmoja, na wimbo uvunjike mbele za watu. Akajiambia, nitalirudia. Wimbo ulipokwisha kulikuwa na mikono ya kushikwa na picha ya kupigwa, na aliporudi mezani sinia lilikuwa limekwisha kuingia kwenye katoni, katoni imekwisha kuchanganyika na nyingine. Akajiambia, ni moja tu. Lakini mtu aliyegonga makopo miaka tisa anajua: mtambo ukilegea haukosei moja.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu. Mnunuzi alifungua makopo mia mbili. Kumi na saba yalikuwa yamevimba. Hakutukana. Aliandika kwa adabu kabisa kwamba hatahitaji tena huduma za kiwanda. Nakala ilikwenda kwa wanunuzi wengine watatu, na hao hawakuandika kitu. Walinyamaza tu, na ukimya wa mnunuzi ndio msiba.

Kikaitwa kikao. Meneja mkuu, wakuu wa idara, na maofisa wawili waliotoka mbali wakiwa na mafaili. Wakathibitisha kwamba mtambo wa vifuniko ulikuwa umelegea wiki ile. Fundi Kifuniko akasimama.

"Ni kweli ulilegea. Mitambo hulegea kila siku, ndiyo maana kuna fundi. Nauliza neno moja tu. Mbona wiki ile sikuletewa wagonjwa?"

Wote wakamgeukia Bi Sikio. Afisa mmoja akashika kalamu vizuri.

"Mama, wiki ile mlipata makopo mabovu au hamkupata?"

Alimwona meneja akimtazama. Aliwaza wanawake kumi na mmoja na watoto wao. Aliwaza ile kalenda. Hayo yote aliyawaza, lakini hakuna lililomfungua mdomo ila fahari, na yeye mwenyewe analijua hilo.

"Hayakuwepo," akasema.

Fundi Kifuniko alimtazama, si kwa hasira; alimtazama kama anavyotazama ukingo uliopasuliwa, akitafuta mahali ulipoachia. Kisha akakaa.

Akafukuzwa kazi kwa uzembe, na barua yake ikabandikwa ubaoni. Baada ya miezi minane kiwanda chenyewe kikafungwa, na watu mia tatu wakatoka getini wakiwa wamebeba vikombe vyao vya chai. Mji ukapata wa kumlaumu. Alipopita njiani walisema, huyo ndiye aliyetuzibia riziki na asiweze kuziba kopo. Jumapili za pamoja zilikoma zenyewe. Hakuna aliyesema zikome.

Tangu hapo sauti ile ikahamia kwa Bi Sikio.

Haikuja kama mzimu wa hadithini. Ilikuja mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa. Mvua ikianza juu ya bati, matone yote yanasema ti, ti, ti, na moja, mahali fulani juu ya chumba cha kulala, linasema po. Alimpandisha mwanawe kukagua bati mara tatu, bati zima. Mjukuu akigonga kijiko kwenye sahani, sahani inaitika, kisha mara moja inanuna. Akaondoa makopo yote ya bati nyumbani. Chumvi ikakaa kwenye chupa, sukari kwenye chupa, na wakwe zake wakasema mama ana mambo yake. Watu wakibisha hodi mlangoni alikawia kufungua, akihesabu mapigo.

Mumewe alipouliza, alisema ni masikio ya uzee, ingawa alikuwa hajafika miaka hamsini.

Fundi Kifuniko alikufa miaka kumi na moja baadaye, akiwa amebaki kuishi kwa kurekebisha baiskeli za watu chini ya kibanda cha turubai. Bi Sikio alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Udongo wa kwanza uliposhuka alisikia sauti aliyoijua. Wa pili ukashuka, nao ukasema vile vile. Aliondoka kabla ya watu, akatembea mpaka nyuma ya kiwanda, ambako majani yalikuwa yamepanda mpaka kwenye yale madirisha ya juu. Akasimama hapo jua likimchoma, akisikiliza ukuta. Ndani hakukuwa na kitu. Hata hivyo alisimama mpaka miguu ikaanza kufa ganzi, kwa maana alihisi kama mle ndani namo kuna mtu amesimama kimya akimsikiliza yeye.

Akaacha kupita njia ile. Njia ya sokoni ikawa ndefu kwa nusu saa, akaizunguka miaka ishirini.

Mwaka huu meneja mpya akafika kwake. Ni binti mwenye miwani, ana heshima, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Bibi yangu shikamoo. Tunafungua kiwanda upya. Mitambo mipya, wakulima wetu wale wale, na mnunuzi wa kwanza tumempata. Alhamisi tunafungua rasmi."

"Marahaba mwanangu. Hongereni."

"Tumeikuta kalenda, Bibi. Mnaimba mkigonga makopo! Wanunuzi wa siku hizi wanataka bidhaa yenye hadithi. Tunawaomba mje kuimba, wewe na wenzako waliobaki. Kuna mashine tumeagiza ya kusikiliza makopo, haijafika bado. Mpaka ifike, mabinti watano watajifunza kwenu."

Bi Sikio alitaka kukataa. Lakini Mama Pacha alikuwa ameketi pale pale, hana jino la mbele, mcheshi vile vile, akadakia: "Tutakuja! Mimi sauti ninayo, kiuno tu ndicho kimeachishwa kazi." Mambo yakawa yamekwisha.

Jumanne walikwenda kujaribu. Kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamebaki saba. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, dirisha kubwa la kioo limewekwa kwa ajili ya wageni, lakini meza ilikuwa ile ile, na ukutani misumari kumi na miwili ilikuwa imepakwa rangi juu yake, ikawa kama chunusi. Bi Sikio alipita mkono juu ya msumari wake, akautoa haraka.

Kando ya mlango alisimama fundi wa mtambo wa vifuniko. Alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, ovaroli limemfika kwenye vifundo vya miguu. Hakuhitaji kutambulishwa.

"Shikamoo Bibi," akasema, kwa sauti ya kumsalimia mtu wa kwenye foleni.

"Marahaba," akasema Bi Sikio. Aligeukia meza, ambako makopo yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, akamuuliza meneja: "Haya ni ya kujaribia?"

"Hapana Bibi, ni ya shehena ya kwanza. Wageni wakishaona, yanapakiwa hapo hapo."

Mama Pacha akaanzisha wimbo. Sauti zilikuwa zimezeeka, lakini vijiti vilikumbuka. Mabinti watano wakafuata, wakicheka kwa furaha. Chumba kikajaa. Bi Sikio aliinua kijiti chake kikabaki juu. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alikisikiliza kile chumba kwa nguvu zake zote, akasikia po, na hakuweza kujua: imetoka mezani, au imetoka kichwani mwake? Hilo ndilo lililomtia baridi. Alikuwa ameibeba sauti ile muda mrefu kiasi kwamba sasa hata ingekuwa ya kweli, asingeitambua.

"Basi!" akasema.

Hawakusikia. Wimbo ulikuwa mtamu.

"Nimesema basi!" Akapiga kofi juu ya meza, makopo yakaruka. Chumba kikanyamaza. "Wimbo huu ndio ulioua kiwanda."

"Wewe!" Mama Pacha akamvuta nguo. "Yaliyopita yamepita. Mbona unafukua makaburi mbele za watoto?"

"Kaburi lenyewe si langu, ndiyo maana nafukua." Akamgeukia yule fundi. "Wiki ile makopo yaliyonuna yalikuwepo. Hatukuyasikia kwa sababu tulikuwa tunaimba. Moja mimi nililisikia. Safu ya nne, la pili kutoka ukingoni. Nikaliacha lipite, mgeni alikuwa anapiga makofi. Kwenye kikao baba yako aliuliza mbona hakuletewa wagonjwa, nami nikasema hayakuwepo. Nilisema uongo. Mtambo wake ulilegea kama mtambo wowote. Aliyekosa ni mimi."

Meneja alivua miwani akaishika. Wazee wenzake walitazama sakafu, maana nao walikuwepo siku ile na walijua wimbo ulivyokuwa na sauti kubwa.

Fundi hakupaza sauti.

"Swali hilo alikufa nalo. Mpaka kitandani alikuwa anauliza, mbona sikuletewa wagonjwa? Sisi tulidhani anatafuta pa kujificha. Mama alimwambia, mwanamume kubali kosa upumzike. Mimi ndiye niliyemwambia mara ya mwisho. Nilimwambia, baba, tumechoka na wagonjwa wako. Hakuuliza tena. Alikaa siku nne bila kuuliza, akafa."

Bi Sikio alishika ukingo wa meza. Hilo hakuwa akilijua. Katika miaka yote ya kuzunguka njia, hakuwahi kuwaza kwamba uongo wake ulikuwa umeingia nyumbani kwa watu ukakaa nao mezani.

"Sikusamehe," akasema fundi.

"Sikukuomba."

"Jamani," meneja akaingilia, "Bibi, tunakuelewa. Lakini Alhamisi wageni wanakuja. Mwaliko umekwisha kwenda. Tuwaambie nini?"

"Waambie wasimame nyuma ya kioo watazame watu wakifanya kazi kimya. Atakayeona haipendezi, mpeleke akale biskuti. Hadithi haizibi kifuniko, mwanangu. Na hiyo mashine yenu inayosikia, ije, ni jambo jema. Lakini nayo ikisikia kopo bovu mgeni mkubwa akiwa mlangoni, nani atasimamisha kazi? Masikio tulikuwa nayo kumi na mawili. Tulikosa mkono wa kusimama."

Akachukua kijiti, akazunguka meza kwa mwendo wake wa mtu mwenye magoti mabovu, akakiweka mbele ya fundi.

"Kazi hii ni yako."

"Mimi ni fundi wa mtambo. Una hawa mabinti watano."

"Hawa wote wananichekea. Nikisema hili zima, watasema zima. Humu ndani mtu asiyetaka kunifurahisha ni wewe peke yako. Ndiyo maana."

Yule mwanamke alikitazama kijiti bila kukigusa. Kisha akavua saa ya mkononi, akaiweka mfukoni mwa ovaroli. Akainama akavua buti.

"Mama Pacha, watoe wenzako nje," akasema Bi Sikio. "Mabinti, hereni. Mlango ufungwe." Akavuta kiti akaketi mbali na meza, mikono imefungwa, ili asije akajaribiwa kusaidia. "Anza safu ya kwanza, kushoto. Gonga katikati, usibembeleze. Ukisikia lililonuna usinitazame mimi wala usimtazame meneja. Litoe, andika safu yake, upasue ukingo, uone mtambo wako unaumwa wapi. Shehena isitoke mpaka wewe useme itoke, hata kama Alhamisi itapita. Na hawa watano utawafundisha, lakini siku ya kwanza wasiguse kopo. Wafundishe kuinua mkono na kusema simama. Wakishaweza kusema hivyo mbele ya mtu mwenye cheo, ndipo uwape vijiti."